Ufunguo wa Nyumba na Ufunguo wa Duka

SOMO LA 14

(Maneno haya yalisemwa redioni. Yamepigwa chapa hapa ili vikundi vya wasikilizaji vipate kuyasoma tena na kuyazungumza.)

Kama mko katika kikundi, mwenyekiti na awaite walio nje waingie, na mwandishi wa kikundi ashike kalamu, maana leo tutafanya hesabu kidogo.

Juma lililopita tulizungumza habari ya neno la siri, ambalo wengine huliita nywila. Tulisema kwamba neno la siri sharti liwe refu, na kwamba kila mahali pawe na neno lake, lisitumiwe mara mbili. Tukakubaliana pia kwamba hakuna mtu awezaye kukumbuka maneno arobaini ya namna hiyo kichwani, na ndiyo sababu zimetengenezwa programu za kuyatunza.

Baada ya somo lile nililetewa swali na msikilizaji mmoja mwenye duka. Alisema hivi: "Mwalimu, watu wa nyumbani kwangu ndio hao hao watu wa dukani kwangu. Nikitaka kulipia programu ya kutunza maneno ya siri naona mipango miwili, wa familia na wa biashara. Wa familia ni wa bei nafuu. Kwa nini nisichukue huo, yakaisha?"

Swali hili ni zuri, na jibu lake si fupi. Mimi mwenyewe nililijibu vibaya hapo zamani, na jibu langu lilileta huzuni katika ukoo wetu. Basi leo nitawaeleza mambo yenyewe yalivyo, kisha kila mtu achague kwa akili yake.

KABATI NA DROO ZAKE

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Programu ya kutunza maneno ya siri ni kama kabati lenye droo nyingi. Kila mtu ana droo yake mwenyewe, na anaifungua kwa neno lake kuu la siri. Neno hilo moja ndilo analolikumbuka kichwani. Mengine yote yamo ndani. Tena ziko droo za pamoja, ambazo watu wawili, watatu au zaidi wamepewa ruhusa ya kuzifungua. Humo huwekwa maneno yanayotumiwa na wote.

Kabla neno halijaondoka katika simu au kompyuta yako, programu hulivuruga kwa hesabu ngumu hata likawa maandishi yasiyosomeka. Kazi hiyo huitwa kusimba. Yanayokwenda kuwekwa katika mashine za kampuni ni hayo maandishi yaliyosimbwa. Katika programu zilizo nzuri, kampuni yenyewe haijui neno lako kuu, wala haiwezi kuisoma droo yako.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wengi hulikosea. Wengi hudhani kwamba mpango wa biashara una kufuli gumu zaidi kuliko mpango wa familia, kwa kuwa una bei kubwa. Sivyo. Katika kampuni moja, kwa kawaida kufuli ni lile lile. Unalolipia zaidi katika mpango wa biashara ni utaratibu: nani anaingia, nani anatoka, nani anaona nini, na nani anaandika daftari la mambo hayo.

Mfano wa kutukumbusha ni wa mwaka 2022. Tarehe 22 Desemba mwaka huo, kampuni ya LastPass ilitangaza kwamba wezi walikuwa wamechukua nakala za akiba za makabati ya wateja wake. Maneno ya siri yaliyokuwamo yalikuwa yamesimbwa, lakini anwani za tovuti ambazo wateja walizitumia hazikusimbwa. Aliyekuwa na neno kuu refu na gumu alikuwa na kinga nzuri. Aliyekuwa na neno kuu fupi alikuwa hatarini. Basi ugumu wa neno kuu ni juu yako wewe, uwe katika mpango huu au ule.

NENO LA SIRI LILIZALIWA KWA KUSHIRIKIANA

Labda mtu atasema, "Kama ni siri, kwa nini tunashirikiana?" Nitamjibu kwa habari ya zamani kidogo. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, bwana mmoja aitwaye Fernando Corbató na wenzake walitengeneza utaratibu wa kuwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa mashine ilikuwa moja na watu wengi, kila mtu alipewa neno la siri la kulindia mafaili yake. Mwaka uliofuata, 1962, mwanafunzi mmoja aitwaye Allan Scherr, akitaka muda wa mashine zaidi ya ule aliogawiwa, alipata njia ya kupiga chapa faili lenye maneno ya siri ya watu wote.

Kwa hiyo mwaona kwamba neno la siri katika kompyuta lilitumika kwa sababu watu walikuwa wakishirikiana kitu kimoja, na mwaka haukupita mbali kabla mwenzao wa ndani hajaingia pasipo ruhusa. Hakuwa mwizi wa usiku. Alikuwa mtu wa nyumba ile ile, mwenye haja yake. Jambo hili tuliweke moyoni tunapoendelea.

YALIYONIPATA MIMI NA KAKA YANGU

Kaka yangu mkubwa alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi huko Tanga. Aliuza saruji, nondo, mabati, misumari na rangi. Mwaka 2019 aliniomba nimsaidie kupanga mambo yake ya kompyuta, nami nikamshauri anunue programu ya kutunza maneno ya siri. Tukatazama mipango miwili. Wa familia ulikuwa na nafasi za watu sita. Yeye, mkewe na watoto wao wawili ni wanne. Wa tano alikuwa mpwa wetu. Nafasi ya sita akasema apewe karani wa duka.

Nikamwambia, "Kaka, karani si mtu wa familia."

Akanijibu, "Mdogo wangu, huyu kijana anakula kwangu. Ni mwanangu. Nikimwekea mpango wake peke yake ataona simwamini."

Nikanyamaza. Bei ilikuwa nafuu, na neno lake lilikuwa la utu. Tukachukua mpango wa familia, tukafanya droo moja ya pamoja, tukatia kila kitu humo: barua pepe ya duka, akaunti za kuagizia mali kwa wauzaji wa jumla, ukurasa wa matangazo, hata neno la intaneti ya nyumbani.

Miaka miwili ikapita salama. Mwaka 2021 yule karani akapata kazi nzuri Mwanza. Akaaga vizuri, akasafiri. Ndipo tukagundua mambo mawili.

La kwanza, akaunti mbili za kuagizia mali zilikuwa katika droo yake mwenyewe, si katika droo ya pamoja. Hakuzificha. Yeye ndiye aliyezifungua, kwa barua pepe yake, na programu ikazihifadhi mahali pake. Kwa utaratibu wa mpango wa familia droo ya mtu ni yake, na kaka hakuwa na njia ya kuchukua kilichomo. Ikabidi kumpigia simu Mwanza kila mara.

La pili lilikuwa chungu zaidi. Mwezi mmoja baadaye nondo nyingi ziliagizwa kwa jina la duka, na mzigo ukapelekwa mahali pasipojulikana na kaka. Nani aliagiza? Watu sita walikuwa na neno lile. Hakukuwa na daftari la kuonyesha nani amelitumia, wala siku gani. Karani alikuwa ameondoka, lakini jina lake lilikuwa bado limo katika orodha, maana kaka aliona haya kumfuta mtu katika "familia". Basi lawama yote ikamwangukia yule kijana.

Baada ya miezi mitatu ikajulikana kwamba aliyeagiza ni mmoja wa watoto wa kaka, kwa ajili ya ujenzi wa rafiki yake, naye aliogopa kusema. Kaka akampigia simu karani, akamwomba radhi. Kijana akasema amesamehe. Lakini sikukuu iliyofuata hakuja kula kwetu, wala iliyofuata hiyo.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Kaka hakutaka kumwonyesha kijana kwamba hamwamini, na kwa sababu hiyo alimwacha bila kitu cha kumtetea siku alipotuhumiwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata jina jema la mtu huweza kupotea hivyo hivyo.

LAKINI NYUMBANI MPANGO ULE ULE ULIFAA

Msifikiri sasa nitasema mpango wa familia ni mbaya. Sikilizeni upande wa pili.

Mwaka 2023 kaka alipatwa na kiharusi. Hakuweza kusema wala kuandika. Katika droo yake yalikuwamo maneno ya barua pepe yake, na ndani ya barua pepe hiyo zilikuwamo risiti za kodi ya ardhi, nakala za hati ya kiwanja, barua za bima na habari za ada za watoto. Shemeji yangu hakujua hata neno moja kati ya hayo.

Lakini programu ile ilikuwa na utaratibu wa mtu wa dharura. Kaka alipokuwa mzima alikuwa amemwandika mkewe, akaweka muda wa siku 7. Maana yake ni hii: mtu wa dharura anaomba kufungua droo, programu inampelekea mwenye droo habari, mwenye droo akikataa, haifunguki, akinyamaza mpaka siku zile zimekwisha, inafunguka. Shemeji akaomba. Siku ya nane akaingia. Alipata karatasi zote alizozihitaji bila kuhangaika, katika siku ambazo alikuwa na mgonjwa wa kumtunza.

Kaka alifariki baadaye mwaka ule ule. Mungu amrehemu. Hapa nataka kusema jambo moja kwa wajane na yatima wanaonisikiliza: neno la siri si wosia. Ukijua neno la benki la marehemu, huna haki ya kuzitoa fedha zake. Fedha na mali za marehemu hufuata njia ya mirathi, na msimamizi wa mirathi hupewa mamlaka na mahakama. Lakini karatasi, anwani na kumbukumbu zitakusaidia kujua nini kipo na kiko wapi.

Basi mpango ule ule ulitushinda dukani, ukatusaidia nyumbani. Kwa nini? Kwa sababu familia na biashara hazipangwi kwa wazo moja. Mpango wa familia hudhani kwamba waliomo watakaa pamoja siku zote, na kwamba cha mtu ni chake. Mpango wa biashara hudhani kwamba kila mtu iko siku ataondoka, na kwamba cha kazi ni cha kazi. Familia haina barua ya kuacha kazi, duka linayo.

MASWALI MANNE YA KUJIULIZA

Kwa hiyo, ndugu zangu, usianze kwa kuuliza bei. Anza kwa kujiuliza maswali manne.

Swali la kwanza: mtu akiondoka, ufunguo unabaki kwa nani? Katika mpango wa biashara droo za kazi ni mali ya biashara, na msimamizi humwondoa mtu kwa dakika moja, droo zikabaki. Kumwondoa karani katika orodha ya kazi si tusi. Ni utaratibu, kama kurudisha funguo za ghala. Kumfuta mtu katika orodha iliyoandikwa "familia" ni jambo jingine, hasa kwetu sisi.

Swali la pili: mtu akisahau neno kuu, nani atamfungulia? Programu hazifanani. Katika mpango wa familia wa 1Password, msimamizi wa familia aweza kumsaidia mwenziwe kurudi katika akaunti yake. Katika Bitwarden, familia hutumia utaratibu wa mtu wa dharura, na kurudishiwa akaunti na msimamizi ni jambo la mpango mkubwa wa biashara. Uliza kabla ya kulipa. Na msimamizi asiwe mmoja tu. Wawe wawili, maana msimamizi naye ni mwanadamu, husahau na kuugua.

Swali la tatu: je, kila mtu aone kila kitu? Nyumbani watu wanne waweza kuwa na droo moja au mbili, ikatosha. Dukani muuza duka ahitaji ukurasa wa matangazo. Mhasibu ahitaji mambo ya kodi. Mpakizi hahitaji neno lolote. Mpango wa biashara huruhusu kugawa watu kwa vikundi vya kazi. Mtu akibadili kazi, anahamishwa kikundi, basi.

Swali la nne: je, iko siku utahitaji kujua nani alifungua nini, na lini? Mipango ya biashara iliyo mizuri ina daftari la matukio linalojiandika lenyewe. Mipango ya familia kwa kawaida haina daftari la namna hiyo. Nyumbani halifai, kwa kuwa hakuna mke wala mtoto atakaye kupelelezwa katika kila jambo. Dukani lafaa sana, na humlinda mfanyakazi mwema kabla halijamkamata mbaya.

HESABU YA BEI

Sasa mwandishi aandike. Bei za kampuni hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo nitatumia namba za mfano tu. Lakini njia ya kulipa ni hii: mpango wa familia hulipiwa kwa pamoja, watu hadi idadi fulani. Kwa 1Password ni watu 5, na waweza kuongeza wengine kwa malipo. Kwa Bitwarden ni watu 6. Mpango wa biashara kwa kawaida hulipiwa kwa kila kichwa. Na mara nyingi ada ya kichwa kimoja cha biashara hukaribia, au hata kupita, ada ya familia nzima.

Tuseme familia nzima ni shilingi 12,000 kwa mwezi, na biashara ni shilingi 12,000 kwa kila mtu kwa mwezi. Duka lina watu 7. Saba mara 12,000 ni shilingi 84,000. Mwenye duka atashtuka, na ana haki ya kushtuka.

Lakini ngoja. Je, watu wote saba wanahitaji kabati? Mlinzi, mpakizi na dereva hawafungui akaunti yoyote ya duka. Wabaki wanne: mwenye duka, mhasibu, muuza duka na mwagizaji wa mali. Nne mara 12,000 ni shilingi 48,000. Tena mhasibu ndiye mwagizaji katika maduka mengi. Basi ni watu watatu, yaani shilingi 36,000. Sasa linganisha shilingi hizo na mzigo mmoja wa nondo ulioagizwa na mtu asiyejulikana.

Jambo jingine la kuuliza ni zawadi iliyomo ndani. Katika mpango wa biashara wa 1Password, na katika mpango mkubwa wa biashara wa Bitwarden uitwao Enterprise, kila mfanyakazi hupewa na mpango wa familia bila malipo ya ziada, kwa ajili ya nyumbani kwake. Akiacha kazi, droo za kazi hubaki kazini, naye aweza kuendelea na mpango wa nyumbani kwa kuulipia mwenyewe. Mwenye duka aliye mwerevu atapiga hesabu hiyo pia, kwa kuwa huenda asihitaji kununua mipango miwili.

YASIYOTATULIWA NA MPANGO WOWOTE

Nisiwadanganye. Yako mambo ambayo hata mpango wa bei kubwa kabisa hauyawezi.

La kwanza: kumwondoa mtu katika kabati si kumsahaulisha. Neno alilokwisha kuliona aweza kuwa ameliandika kwenye karatasi. Programu nyingine huruhusu kumpa mtu neno bila kulionyesha kwa macho, lakini mwenye ujuzi aweza kulipata. Kwa hiyo siku mtu anapoondoka, badilisheni maneno yote aliyokuwa akiyatumia, siku hiyo hiyo. Kabati zuri litakusaidia kujua ni maneno gani, ili usibadilishe mia wakati yanayohitajika ni tisa.

La pili: yako maneno yasiyofaa kushirikiwa kabisa. Namba ya siri ya pesa za simu na neno la benki ni ya mtu mmoja. Kama benki yaweza kumpa kila mwenye ruhusa jina lake na neno lake, omba hivyo. Droo ya pamoja ni kwa zile akaunti zisizokubali zaidi ya jina moja.

La tatu: akaunti za duka zifunguliwe kwa barua pepe ya duka, si ya mtu. Kosa la karani wetu lilianza hapo, na hakika lilikuwa kosa letu sisi, maana hatukumpa anwani nyingine.

La nne: kama duka lina daftari la wateja wa mkopo, lenye majina na namba za simu, hizo ni taarifa za watu. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya inayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Aliyekabidhiwa taarifa za watu sharti azilinde. Kujua nani anaweza kuzifungua ni mwanzo wa ulinzi huo.

BASI UCHAGUE UPI?

Kama ninyi ni mume na mke wenye kibanda chenu, hamna mwajiriwa, mpango wa familia wawatosha, mradi masharti yake yaruhusu. Lakini fanyeni droo mbili tangu leo, moja ya nyumba na moja ya duka, wala msizichanganye.

Siku mtakapomwajiri mtu wa kwanza ambaye ataingia katika akaunti za duka, siku hiyo hamisheni droo ya duka kwenda mpango wa biashara. Msingoje awe wa tatu. Wakati wa kuhama ni kabla hakujawa na neno baya, kwa maana ukihama baada ya ugomvi, kila mtu ataona kwamba umehama kwa ajili yake.

Na kama mwajiriwa ni mpwa, au mtoto wa shangazi? Hapa ndipo wengi hukwama. Mimi nasema hivi: akiwa mezani pako ni mtu wa nyumbani; akiwa nyuma ya kaunta ni mfanyakazi. Mpe mahali pote pawili, kila mahali kwa orodha yake. Mwambie wazi, "Mwanangu, daftari hili linaniandika mimi pia." Tena iwe kweli, nawe uandikwe. Mtu aliyelelewa vizuri hataona vibaya kuandikwa pamoja na baba yake.

Shemeji yangu ndiye anayeliendesha duka sasa, na watoto wanamsaidia. Ana mipango miwili. Mwaka jana alimwajiri binti mmoja wa ukarani. Siku ya kwanza alimwonyesha daftari la matukio, akamwambia, "Mwanangu, hili ni lako kuliko langu. Siku kitu kikipotea, hili litakusemea." Nilikuwapo, nikanyamaza tena, lakini safari hii nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kuongeza.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo mwisho wa somo letu la leo. Juma lijalo tutazungumza habari ya hatua ya pili ya uhakiki, yaani ule ujumbe au alama inayoombwa baada ya neno la siri, na tutaona kwa nini laini ya simu peke yake haitoshi kuwa mlinzi. Mpaka wakati huo, nawatakia kazi njema. Kwaherini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Andikeni akaunti zote ambazo watu wawili au zaidi wa nyumba au duka moja wanazitumia. Zipi ni za nyumba? Zipi ni za duka? Zipi zisishirikiwe kabisa?

2. Katika habari ya karani wa Tanga, nani alikosea, na alikosea wapi? Je, kijana alikuwa na haki ya kukasirika hata baada ya kuombwa radhi?

3. Duka lina watu 5. Watatu kati yao hufungua akaunti za duka. Ada ya biashara ni shilingi 9,000 kwa kila mtu kwa mwezi. Watalipa kiasi gani kwa mwaka? (Jibu: 3 × 9,000 × 12 = shilingi 324,000.)

4. Kama wewe ukiugua ghafla leo, nani nyumbani kwako atajua karatasi zako ziko wapi? Kama hakuna, utafanya nini kabla ya somo lijalo?

MANENO YA KUKUMBUKA

Neno kuu la siri: neno moja linalofungua droo yako yote.
Kusimba: kuyavuruga maandishi kwa hesabu ili yasisomwe na asiye na ufunguo.
Droo ya pamoja: mahali pa maneno yanayotumiwa na watu zaidi ya mmoja.
Mtu wa dharura: aliyechaguliwa na mwenye droo kuifungua wakati mwenyewe hawezi.
Daftari la matukio: orodha inayojiandika, ya nani amefungua nini na lini.